Pupa

Neno ni moja, nami nimekaa katika nyumba zake zote mbili:
pupa anayening'inia kimya chini ya jani,
na pupa ya mtu asiyeweza kungoja.

Hapa Jilore, upande wa msitu unaotazama ziwa,
tulifuga viwavi katika vizimba vya chandarua,
tukiwalisha majani ya mdimu.
Ngumbao ndiye aliyekuwa na vidole.
Alimbandua pupa kwa gumba na shahada
bila kumwachia alama hata ya pumzi.
Wengine waling'aa kana kwamba wamechovywa,
dhahabu tupu, ya kutoga sikio,
hata siku ganda lipasuke, mabawa yatoke,
na mkononi ubaki na kitu rangi ya maji.
Tuliliona hilo kila wiki.
Hatukulisoma.

Kisha Kitsao wa Malanga akarudi kutoka Migori
na meno mawili mapya
na kichupa cha zebaki ndani ya soksi.
Akachota mchanga wa kijito, kule ndani,
akauzungusha kwenye karai la kufulia,
na chini pakabaki kitu
kidogo kuliko tongo la jicho la mtoto.

Kikatosha.
Wiki ya pili majembe sitini, pampu mbili,
muuza mitumba, mhubiri na spika yake,
na binti wa Mbodze akipika chapati,
daftari la darasa la saba likiwashia jiko.
Mirihi ikaangushwa ishike kuta za mashimo.
Kuta hazikushikika.
La Thoya lilijifunga lenyewe alfajiri.
Tulimchimba kwa sahani.

Sonara wa Malindi, nyuma ya soko,
alipima kwa njiti ya kiberiti.
Siku tisa za Ngumbao zilikuwa
njiti mbili kasoro kichwa.

Zebaki aliichomea jikoni kwangu,
katika kikaango changu cha viazi.
Moshi wa mkaa una heshima yake: hukukohoza,
hukwambia toka nje.
Huu haukuwa na harufu.
Ulikaa nasi kama mgeni mwenye adabu
asiyetaja siku ya kuondoka.
Nilikisugua kikaango kwa majivu mara tatu.
Nikakaanga viazi. Tukala.

Viwavi walilegea mwezi huo,
weusi, vichwa chini, mmoja baada ya mwingine.
Sisemi ni moshi. Sijui.
Mwaka ule hata mvua ilikuja na kisirani.

Na shimoni, siku moja, nilimkuta sange amezama,
pua ndefu juu ya maji kana kwamba anauliza njia.
Mnajua sange wetu: matako yake ni ya dhahabu.
Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka peke yangu,
maana msitu ulikuwa umeificha mali yake
pale ambapo hakuna sonara angeweka mizani.

Walinzi walipokuja na lori, Kitsao alishatoweka
na meno yake.
Pampu zikabebwa. Mhubiri akahamia Kakuyuni.
Mashimo hayakuwa na mwenyewe,
yakajaa maji ya kijani, na mbu,
na usiku vyura wakapiga kelele
kama watu wanaogawana pesa.

Sasa chai namnywesha mimi.
Kikombe kikiwa mkononi mwake humwagika kabla ya mdomo.
Daktari pale Malindi alimuuliza,
"Ulikuwa ukishika nini kazini?"
Akajibu, "Vipepeo."
Sikumsahihisha. Nilitazama ukuta,
bango la kunawa mikono.

Leo asubuhi, chini ya ukingo wa pipa,
mmoja. Sijui kiwavi wake alikula wapi.
Anang'aa kiasi cha kukera.
"Mbandue wewe," Ngumbao akasema,
"mie nitamponda."
Nikamwambia tumwache.

Tumeketi kwenye gunia, jua linapanda,
mchuzi wa jana haujapashwa moto.
Mikono yake nimeifunga ndani ya yangu,
nayo inatetemeka, inatetemeka,
kama kitu kilichokaribia kutoka.